Yadi Isiyokauka

Askari wawili walimtoa Dakta Hamdun Maftah darasani, chaki ikiwa bado mkononi. Alikuwa anawasomesha wanafunzi wa uhandisi jinsi maji ya mvua yanavyopita mjini, na hesabu ilibaki ubaoni bila jibu. Wanafunzi wote waliinamisha macho. Kampala ya mwaka huo, 1978, mtu akipandishwa kwenye gari la jeshi hakuna aliyeuliza anapelekwa wapi.

Nyumbani Old Kampala, mkewe Rahima alipopata habari alitandika mikeka, na jamaa wakaanza kuja kusoma dua. Walikuwa wamefika katikati pale Hamdun alipoingia mlangoni mzima, suruali imelowa tope mpaka magotini, akauliza kama kuna chai.

Aliwaeleza. Hakushikwa, alipewa kazi. Bondeni, chini ya kilima cha Nsambya, jeshi lilikuwa na yadi ya malori, na kila mvua iliponyesha yadi iligeuka bwawa. Malori yalisimama ndani ya maji. Vita vilikuwa vimeanza mpakani kusini, na amri ilikuwa wazi: yadi ikikauka tu, msafara uondoke siku hiyo hiyo, mkuu wa yadi mwenyewe, Meja Anguyo, akiwa mbele.

Meja huyo alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na upole huo ndio uliomtisha Hamdun zaidi.

"Daktari," alimwambia, "maji hii inasaidia adui. Na mtu anasaidia adui, unajua tunampeleka wapi."

Hamdun alikuwa ameandika sana juu ya mafuriko ya miji. Alichokosa siku zote ni mtu wa kumsikiliza. Sasa alipewa askari wa kuchimba, saruji na chuma. Akapanua mfereji, akapitisha kalvati jipya, njia ya maji ya saruji, chini ya ukuta wa yadi, pana kiasi cha mtu mzima kuingia akiinama, ili maji yaende zake mpaka mfereji mkuu wa mji, Nakivubo. Akapiga hesabu, akazirudia, akalala vizuri.

Mvua ikaja. Yadi ikajaa.

Akaongeza mteremko. Yadi ikajaa. Akachimba shimo la kunasa tope kabla halijaingia mferejini. Yadi ikajaa zaidi. Chuoni wanafunzi walianza kunong'ona kwamba Dakta anasomesha maji, lakini maji hayataki shule. Hamdun alicheka nao, kisha akaenda ofisini, akafunga mlango, akaanza kuogopa kwamba maisha yake yote alikuwa amefundisha uongo.

Kila yadi ilipojaa, Meja Anguyo alipiga simu kwa wakubwa wake Nakasero, kwa sauti iliyowafikia hata mafundi uani, akieleza kwamba msafara hauwezi kutoka na kwamba msomi huyo anasukumwa vilivyo. Akishaweka simu chini alimwagizia Hamdun chai na kumwambia aendelee tu, asijichoshe. Hamdun aliinywa chai hiyo. Aliamini anachezewa kama panya kabla ya kuliwa.

Asubuhi moja, maji yalipopungua, alivua viatu akaingia mwenyewe ndani ya kalvati. Katikati alikuta magunia ya mchanga, yamepangwa vizuri kama matofali, mpaka karibu na dari.

Hesabu zake zilikuwa sawa tangu mwanzo. Furaha hiyo ilidumu mpaka alipoelewa maana yake: ndani ya yadi mlikuwa na mhujumu. Akisema, watu watapigwa risasi. Akinyamaza, atapigwa yeye.

Mawazo yake yalimwendea Komakech, fundi wa magari, Mwacholi, mtu wa kabila ambalo utawala ule haukuliamini, na raia pekee aliyeruhusiwa kuingia kila pembe ya yadi. Alimwita kando, akamwambia taratibu kwamba ameyaona magunia na hatamtaja, ila tafadhali aache.

Komakech alimkazia macho. "Dakta, mimi nilijua ni wewe. Ndiyo maana nilinyamaza."

Kisha waliingia pamoja ndani ya kalvati, wakayatoa magunia, wakayaficha nyuma ya matairi mabovu. Komakech alimsihi asimwambie meja lolote, kwa sababu lawama ikianza kutafuta mtu wa kumwangukia, yeye Mwacholi ndiye atakuwa wa kwanza. Hamdun akaahidi.

Ahadi haikuzuia mvua. Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, wingu jeusi lilipanda kutoka upande wa ziwani, na Hamdun alijua mhujumu atarudi. Akaingia ndani ya kalvati, akajibanza kwenye giza, mgongo umeegemea saruji baridi, akipanga maneno ya kumwomba mtu huyo. Angemwambia kwamba anaheshimu sababu zake, lakini hapa kuna mume wa mtu na kuna fundi asiye na kosa, na wote wawili wangependa kuuona mwaka mpya.

Alisikia nyayo zikichapa maji. Mtu aliingia ameinama, anahema, viatu vimening'inia shingoni, suruali imekunjwa, gunia begani. Akalitua, akalinyoosha kwa mguu, akatoka. Akarudi akiliburuta jingine, akipumzika kila hatua. Hamdun alijikaza, akakohoa.

Yule mtu hakukimbia wala hakuachia gunia.

"Ni wewe, Daktari?" aliuliza Meja Anguyo, akijifuta jasho. "Basi shika upande huo. Hii iko nzito."