Choa cha Shingoni

"Dada, hicho shingoni si choa?" aliniuliza mtafiti wa matunda, mwenzangu wa maabara, vidole vyake vyekundu kwa maji ya komamanga.

Nikacheka. Mimi ninayechunguza ukungu wa ngozi za wanyama kutwa kucha! Lakini mganga hajigangi. Nilikwangua ngozi kidogo, na hadubini ikanionyesha ukungu wa paka.

"Huu unaambukiza kwa kugusana. Nani kakugusa?" akauliza mwenzangu.

Tangu tumzike mama, hakuna, nikamjibu, ila paka wa jalalani aliyezoea kulala shingoni mwangu.

"Mtibu, na usimguse mpaka apone," akasema. Ndiyo maneno ninayowaambia wenye paka kila siku.

Jioni nilivaa glavu, nikamtia paka dawa. Akalia, akaitafuta shingo yangu.

Nikavua glavu. Nikafungua kifungo cha kola.