Mforosadi wa Mama Mkwe

Zebiniso alitafuna forosadi ya tatu polepole, akiitafuta mbegu kwa ulimi. Hakuipata.

Akapasua ya nne kwa kucha. Ndani mlikuwa mweupe, mwororo, utamu ukamganda vidoleni. Mbegu, hakuna hata moja.

Mama mkwe aliendelea kuyapiga matawi kwa mwanzi, matunda yakimwagika kwenye shuka waliyoitandaza chini ya mti.

Wakati wa theluji, Zebiniso akiwa bibi harusi mgeni kutoka mjini, alimwomba kijiti cha mti huu akapande kwenye nyumba ambayo yeye na mumewe wanaijenga. Mama mkwe akakataa. "Mti wangu haukatwi, mwanangu. Panda mbegu zake." Akampa kifurushi cha kitambaa. Sasa miche imejaa makopo dirishani, kila mmoja umefika shibiri.

"Mama, mbona hazina mbegu?"

"Za mti huu? Tangu lini zikawa na mbegu? Ndiyo sifa yake bonde zima!"

Mwanzi ukasimama hewani.

"Basi ile miche yangu ni ya nini?"

"We' imwagilie tu," mama mkwe alisema, bila kugeuka. "Kwani una haraka gani ya kuhama?"

Akainama kukusanya pembe za shuka. Zebiniso akanyoosha mkono juu, akakunja kitawi mpaka kikalia ka!

"Nini hicho?"

"Upepo, mama."

Hakuna jani lililotikisika. Mama mkwe aliinuka taratibu, macho yakiwa kwenye mkono wa gauni la Zebiniso.