Komeo la Stoo

Komeo lilikuwa nje, na Theuri alikuwa ndani.

Alikuwa ameingia stoo ya kanisa lao la Tetu kuchukua begi aliloficha nyuma ya mifuko ya saruji. Dakika moja tu, kisha apande bodaboda, aende zake Kenol kwa dada yake kabla ibada ya kumsimika mchungaji mpya haijaanza. Mara mtu akafunga mlango. Alisukuma kwa bega, akapiga teke kwa gambuti la mpira, wapi!

Kanisani ngoma zilianza. Hasira yote akamgeuzia Mungu.

"Kweli Tetu nzima hukuona mtu mwingine? Wazee wamefunga, wameomba, na wewe unawaonyesha mkama ng'ombe! Hata tangazo hawezi kusoma bila kutetemeka. Kwa mazishi analia kushinda wafiwa. Umekosea, Mungu. Safari hii umekosea."

"Ati Mungu amekosea?" sauti ikauliza kutoka nje.

Theuri alitamani ardhi immeze. Alikuwa Shosho Ngendo, bibi mzee kiongozi wa akina mama, ambaye hata chifu humwamkia kwanza.

"Shosho, nifungulie. Boda inaningoja."

"Hiyo boda nimeambia irudi. Wewe Theuri, unanung'unikia Mungu juu ya mtu mwenye amechagua yeye mwenyewe? Sifungui mpaka useme utamheshimu."

"Lakini Shosho, huyo mtu hawezi!"

"Basi kaa hapo na saruji."

Alitafuta dirisha, hapakuwa na dirisha. Hofu ikamshika, hofu ya kweli. Heri nusu shari kuliko shari kamili, akajiambia. Aseme tu, na mlango ukifunguka atimue mbio kupitia shamba la majani chai.

"Haya. Nitamheshimu."

"Na hutasema tena ati hawezi?"

"Sitasema."

"Na akilia kwa mazishi?"

"Nitamwacha alie."

"Kwa jina la Mungu?"

Ngoma zilikuwa zimenyamaza.

"Kwa jina la Mungu, Shosho."

Komeo likavutwa. Mwangaza ulimpiga machoni, na alipoweza kuona, aliwaona waumini wote wamesimama kimya kuzunguka stoo, hakuna hata upenyo wa kuku. Mbele yao Shosho Ngendo alikuwa amebeba kanzu mpya nyeupe. Akamwinamia.

"Haya, Mchungaji," akasema, "vua gambuti."