Manyoya Kwenye Mto

Mke alirudi mapema kutoka kazini, akamkuta mama mkwe kwenye kitanda chao yeye na mumewe, anamchana paka. Manyoya yalikuwa yakidondokea mto wa mke, ule ule anaoamkia kila asubuhi akikohoa, macho yamemvimba.

"Mama, unajua kabisa paka ananibana kifua!"

"Paka ni wangu, na mwana ni wangu. Ukishindwa kupumua, rudi kwenu." Wala hakuacha kuchana.

Unyoya mweupe ulielea, ukamnasa mke mdomoni. Alikuwa akiupangusa aliposikia sauti ya mumewe kutoka jikoni.

"Mama, fanya haraka, anakaribia kurudi!"



Mke akashusha sanduku kutoka juu ya kabati, akalifungua mbele ya mkwewe, akaanza kutia mashati ya mumewe.