Kipimo ya Opiyo

Hapana, hakuna mtu alimnyima chakula. Posho ilikuwa inatoka kila jioni, na yake ilikuwa sawa na ya wengine. Opiyo alijinyima mwenyewe. Usicheke, ngoja kwanza.

Huo ulikuwa mwaka wa nzige. Mahindi iliisha mpaka huko Mulot, na unga ya kambi ikawa inatoka mbali sana. Chai ya Kericho ilikuwa bado changa, inakufika kwa kiuno, na watu wa ziwa walikuwa wanaletwa na lori kuja kuichuma. Opiyo aliweka kidole kwa karatasi ya kampuni, kwamba hatoki mpaka amalize siku zake za kazi, akaacha nyumba yake huko kwao haina paa. Kuta imesimama, fito imefungwa, nyasi hakuna. Alifikiri atarudi upesi. Lakini siku ambayo kikapu haijajaa haihesabiwi, na siku zikakataa kuisha.

Halafu mtu wa ng'ombe akapitia Sotik na maneno kutoka kwa bibi yake, Adoyo. "Mwambie mvua iko karibu. Ndugu yake Owino anasema ataweka nyasi yeye."

Sasa kwa Wajaluo, hiyo si msaada. Mwanaume mwingine akipanda juu ya nyumba yako akaiezeka, na wewe ungali hai, ni kama amekuzika. Nyumba ni yake, na bibi aliye ndani pia.

Kutoroka? Na kipande, ile pasi ya kazi ya serikali, iko shingoni? Ungeshikwa hata hujafika mtoni. Lakini kulikuwa na mlango mmoja. Daktari ya kampuni, mzungu, alikuwa anapitia kambini kupima watu na mizani ya chai. Unaning'inia pale kama gunia. Mshale ikisimama chini ya alama nyekundu, unaambiwa huna nguvu ya kazi, unapandishwa lori, unarudishwa kwenu.

"Basi mimi nitakonda," Opiyo akamwambia Mureithi, mtu wa Nyeri waliyelala naye nyumba moja.

"Konda kabisa, ndugu yangu," Mureithi akasema. "Na hiyo unga nani atakula?"

"Wewe."

"Mungu ni mwema."

Lakini kukonda si kazi rahisi vile unafikiri. Mara ya kwanza Opiyo aliacha kula kabisa. Jua kupanda tu, akaanguka katikati ya chai. Nyapara wao, Zacheus, akafuta siku yake. Wakampeleka kwa banda ya wagonjwa, wakamjaza uji ya sukari mpaka akatoka mzito kuliko vile aliingia. Mara ya pili akapunguza unga, lakini akawa anakunywa maziwa ya kibuyu, ile mursik ya wamama wa Kipsigis. Kamba ya kaptula haikusonga hata kidogo. Tumbo haidanganywi.

Ikabidi atafute katikati. Chakula ya kumkondesha pole pole, na bado ajaze kikapu, ndio wasimrudishe kwa uji. Akajaribu hivi, akajaribu vile. Mwishowe akaipata: kikombe moja ya unga kwa siku, ukiacha nafasi ya kidole huko juu, na maharagwe ya kujaza kiganja. Maziwa hapana. Akimaliza kula, njaa bado imekaa pale inamwangalia, lakini haimwangushi. Anakaza kamba, anaenda kuchuma.

Mureithi naye alikuwa anafura kama unga ya mandazi.

"Siku hizi nikiinama tu nasikia usingizi," akasema. Kikapu yake ilikuwa inarudi nusu.

"Umenenepa kama bibi ya chifu," Opiyo akamwambia.

"Nakula ya watu wawili. Unataka nichume pia ya watu wawili?"

Opiyo akacheka kidogo, halafu akainua macho. Upande wa ziwa mawingu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi.

Siku ya mizani, daktari alikuja pamoja na bwana mwenyewe, yule mzungu wa shamba. Mureithi akaning'inia kwanza. Mizani ikalia, watu wakacheka. Halafu Opiyo. Mshale ikasimama chini ya ile nyekundu, chini kabisa.

Daktari akamfungua macho, akamshika misuli, akamwambia aruke. Akaruka.

"Kikapu yake?" daktari akauliza Zacheus.

"Inajaa kila siku, bwana. Ndiye wa kwanza kurudi."

"Na huyu mnene?"

"Nusu, bwana."

Daktari akamgeukia Opiyo. "Wewe nakula nini?"

Opiyo akaona hiyo ndio swali ya mwisho mbele ya lori. Akaeleza yote, kweli tupu. Akaleta kikombe yake, akaweka kidole ndani kuonyesha unga inafika wapi. Wazungu wakaongea kwa lugha yao, wanaangalia Mureithi, wanaangalia Opiyo. Halafu wakaenda, na kikombe wakaenda nayo.

Opiyo akakunja blanketi, akaketi juu yake kando ya barabara. Lori ikaja, ikachukua vijana wawili wa kikohozi, ikaondoka. Dereva hata hakumtazama.

"Labda wewe ni wa kesho," Mureithi akasema.

Jioni watu wakapanga laini mbele ya stoo, kila mtu na sufuria yake. Zacheus akamwita Opiyo mbele, akamrudishia kikombe. Mtu alikuwa ameikwaruza ndani na msumari, pale pa kidole.

"Bwana anasema hii ndio posho ya kila mtu sasa, mpaka nzige iishe," Zacheus akasema. "Na wewe huendi mahali. Wewe ndio utapima."

Opiyo akapima. Mureithi akapokea yake, akaangalia ndani ya sufuria, akaangalia Opiyo. Moto ikawashwa, ugali ikaiva upesi sana, na kambi yote ikaketi kula.