Kitambaa cha Kompyuta

Kompyuta ikazima tena! Hidaya akaduwaa. Ameiunga mwenyewe kwa vipande vya mtumba ndani ya boksi la mbao, feni juu, televisheni ya sebuleni ndiyo kioo. Akilifungua boksi achokonoe waya, inawaka vizuri tu. Akilifunga akaanza kazi, inazima. Na kadi za harusi za jirani, kazi yake ya kwanza kabisa, zinatakiwa leo!

"Labda haikupendi," mama akamtania.

"Mama, nitalia mimi!"

Akaichokonoa, ikawaka, akalifunga boksi. Mama, kama kawaida yake, akatandaza juu yake kitambaa kizito alichokifuma kwa uzi. Nyumba nzima ina vitambaa, juu ya redio, juu ya kabati, mpaka juu ya jagi. Hidaya alishazoea, hata havioni. Leo akakiona. Kimeiziba feni yote!

"Mama, hiki..."

"Si naikinga vumbi, mwanangu? Kitu cha thamani hivi kikae uchi?"

Hidaya akakivuta, kina joto kama mkate wa moto. Pembeni mama amemfumia jina lake. Akakikunjua, akakigeuza huku na huku.

"Kimekuwa kidogo, eh?" Mama akaanza kulipima boksi kwa shubiri. "Nitakufumia kingine, kishuke mpaka chini."