Matundu Chini ya Bati

"Mzee Shambi, nyumba umeifunika kama pilau lililopaliwa makaa!" alisema fundi Kibwana kutoka juu ya ngazi. "Bati linachoma, joto halina pa kutokea. Dari likikuangukia, usije ukasema umelogwa."

Mzee Shambi, aliyemshikia ngazi, hakucheka. Dari la chumba chake lilikuwa limevimba na kuota ukungu mweusi. Matundu ya hewa aliyaziba mwenyewe, mkewe alipofariki. Shomoro walikuwa wakiingilia humo na kupiga kelele kila alfajiri, naye hakuona tena sababu ya kuamshwa.

Kibwana alichomoa vipande vya sponji vilivyoziba matundu, hewa ya moto ikampiga usoni. Kipande cha mwisho kilitoka na kitambaa cheupe kilichodariziwa "Lala sal". Herufi nyingine zilikwenda na makasi.

"Ebo! Mzee, umekata mto? Huu si una mwenzake?"

"Mwenzake yuko kitandani," alijibu mzee. "Peke yake."

Kibwana, ambaye hakosi mzaha hata msibani, alikosa. Akachukua wavu wa kuzuia ndege, akaupigilia misumari kwenye tundu la kwanza, kisha la pili.

"Hilo la upande wa kitanda liache wazi."

"Watakupigia kelele, mzee wangu."

"Najua."

Fundi alipoondoka, mzee aliketi kitandani, upande wake uleule. Jua lilipopunguza makali, kitu kidogo kilitua juu ya dari, kikakwaruza, kikatulia. Mzee Shambi akakizuia kikohozi, asikishtue.